Plasta Ubavuni mwa Emil

Kwa miaka thelathini na moja Verna Hudak alisoma nyongo za watu, na mimi nilimwona akikosea mara mbili tu. Mara ya kwanza alimwandikia mgonjwa bomba la upande wa kushoto badala ya kulia, akajigundua mwenyewe kabla ya chakula cha mchana, akatununulia donati sisi sote kama faini. Mara ya pili ndiyo hii ninayotaka kuisema, na sehemu ya kosa ni yangu, hata kama kwenye karatasi halionekani.

Tulikaa meza mbili zinazoangaliana, ghorofa ya chini kabisa ya hospitali, karibu na chumba cha kufulia. Hakuna anayejua kazi yetu mpaka bima imkatalie. Daktari humtoboa mgonjwa ubavuni, anapitisha bomba jembamba ndani ya ini mpaka kwenye mrija wa nyongo ulioziba, halafu anavua glavu na kusimulia kwenye kinasa sauti alichofanya. Maneno yake yanatufikia yakiwa ripoti. Sisi tunaigeuza ripoti kuwa namba, namba inakwenda bima, na bima inaanza kutafuta sababu ya kutolipa. Bomba linalomwaga nyongo nje tu lina namba yake. Linalopenya kizibo hadi kwenye utumbo lina nyingine. Kubadilisha bomba kuukuu, namba, kulitoa, namba. Zote zinaanza na arobaini na saba, kwa hiyo sisi tulizitaja kwa tarakimu tatu za mwisho tu. Verna alizijua kama mtu anavyowajua watoto wa dada zake, yupi mtulivu na yupi mtundu.

Kazini hakuamini mtu. Kama daktari hakuandika kwamba waya ulifika utumboni, basi kwa Verna haukufika, hata picha ikionyesha vinginevyo. Aliwapigia simu huko huko juu.

"Daktari, samahani, ni Verna wa huku chini. Bomba lako la jana liliishia wapi?"

"Verna, si unajua tu kwamba lilipita."

"Mimi sijui kitu, baba. Mimi sikuwepo. Niandikie."

Madaktari vijana walimwita mama mkwe kisirisiri. Alikuwa anajua, na alikipenda cheo hicho.

Na kulikuwa na sheria moja aliyoishikilia kuliko zote. Kila Januari tunatia saini karatasi kwamba hatutafungua faili la ndugu, jirani, wala mtu yeyote tunayemjua, na tukikutana nalo tunalikabidhi kwa mwenzetu bila kuuliza na bila kusimulia. Mashine inaandika kila anayechungulia. Mwaka mmoja mwenzetu alichungulia faili la mke mpya wa mume wake wa zamani. Saa nne asubuhi alikuwa anatoka na maua yake ndani ya boksi, mlinzi nyuma yake. Wageni walipoajiriwa, Verna ndiye aliyewahadithia habari hiyo, na hakuwa akitabasamu.

Mwezi wa Aprili mumewe akageuka manjano.

Emil alikuwa fundi wa mabasi ya shule hadi alipostaafu, mtu mrefu, mpole, mwenye mikono isiyotakata hata Jumapili. Aliamka asubuhi moja Verna akamwangalia macho, akamwambia avae viatu. Siku hiyo hiyo wakamwekea bomba, hapo hapo kwetu, orofa mbili juu ya kichwa cha mkewe. Emil alimwambia Verna kwamba ni kovu. Kifuko chake cha nyongo kilikuwa kimetolewa zamani kwa upasuaji, na daktari, alisema, anadhani mrija umenywea pale palipokatwa. Halafu akatia saini fomu kwamba habari zake apewe yeye peke yake.

"Ana haya," Verna aliniambia akicheka. "Mwanamume mzima, hataki mkewe asikie habari za choo chake."

"Na wewe huumii?"

"Niumie nini? Ni haki yake. Mimi ndiye ninayewafundisha watu haki hiyo, halafu nikaivunje kwangu?"

Faili la Emil lilikuja kwangu. Bwana Pruitt, msimamizi wetu, alinijulisha kwa mstari mmoja: hili lako, Verna haruhusiwi. Ripoti ya Aprili ilisema kizibo, chanzo bado hakijulikani, vipimo vimepelekwa maabara. Basi. Niliweka namba, nikafunga, na nilikuwa na matumaini kama yeye.

Miezi mitatu Verna alimuuguza. Alimsafishia bomba kila asubuhi kwa sindano ya maji ya chumvi, akamwaga mfuko, akaandika kwenye daftari ni kiasi gani na ni rangi gani. Aliomba likizo ya wiki tatu, karibu Agosti nzima, akapewa. Walitaka tu kukaa. Emil alitaka kupaka rangi kibaraza, na Verna alitaka kumwangalia akipaka na kumwambia amekosea.

Alhamisi ya tarehe kumi na tisa Julai aliingia ofisini na mkate mtamu wa kokwa za jozi, ule wa kuviringishwa ambao kwetu huokwa Pasaka, arusini na matangani. Aliuweka katikati ya meza yangu juu ya makaratasi.

"Shoga, limetoka!"

"Nini kimetoka?"

"Bomba! Juzi wamelitoa. Nimemfunua shati mwenyewe nikaangalia. Plasta tu, hivi, kama mtoto aliyechanjwa! Mia tano thelathini na saba, mama, tufunge faili!"

Mia tano thelathini na saba ni kutoa bomba. Nilimkumbatia. Tulikula mkate, Bwana Pruitt akaja akala, mtu wa chumba cha kufulia akaja akala. Verna alikuwa mzuri siku hiyo, mashavu mekundu, anaongea na mdomo umejaa.

Mchana nikafungua foleni yangu, na faili la Emil lilikuwa la tatu.

Naomba nieleweke hapa, maana mambo yote yamekaa hapa. Bomba likitolewa, ubavuni hubaki plasta. Lakini kuna njia mbili za kufikia plasta hiyo. Moja ni mrija umepona, na bomba halina kazi tena. Ya pili ni daktari amepitia tundu lile lile la bomba, ameweka stenti, kibomba kifupi cha wavu wa chuma kinachobaki ndani, ndipo akalivuta bomba. Chuma cha namna ile hakitolewi. Huwekwa kwa mtu ambaye haitazamiwi aishi muda mrefu kiasi cha chuma hicho kuja kuziba, ili siku zilizobaki asitembee na mfuko kiunoni. Namba yake ni mia tano thelathini na nane. Na ukiiandika hiyo, kutoa bomba hakuandikwi kabisa, kumemezwa humo. Kwa nje, mke akimfunua mumewe shati, haoni tofauti yoyote.

Ripoti ya Emil ilisema chuma. Ilisema saratani ya mrija wa nyongo, imekwisha kuingia kwenye ini, haipasuliki, na kwamba mgonjwa ameelezwa na ameelewa.

Nilisoma mara tatu nikitafuta neno la kunisaidia. Halikuwemo. Daktari yule aliandika vizuri, kila kitu mahali pake, Verna angempa maksi zote. Niliweka namba, nikaweka utambulisho wangu chini, kama kawaida. Ladha ya mkate ilikuwa bado mdomoni.

Nilipoinua macho Verna alikuwa anaandika barua pepe, anaisema kwa sauti huku anaandika.

"Bwana Pruitt, kwa furaha kubwa, narudisha likizo yangu ya Agosti..."

"Usirudishe," nilisema.

"Eh?"

"Likizo. Usiirudishe, Verna. Ichukue tu."

"Ya nini sasa? Mtu kapona. Nikae nimwangalie akikarabati mashine za kukata nyasi za mtaa mzima? Mwanangu Darlene anajifungua Novemba. Siku hizi kumi na tano naziweka, tunakwenda kwake Arizona sote wawili mwezi mzima."

"Novemba ni mbali."

"Mtoto ndiye aliyepanga Novemba, si mimi."

"Si mlitaka kupaka rangi kibaraza? Mwaka huu umechoka. Pumzika. Kaa naye."

Alinicheka. Alicheka kwa moyo mweupe, akaniambia, "Wewe Nadine, hujapata mume ukakaa naye miaka thelathini na minane. Likizo ya kukaa naye ni kazi nyingine hiyo." Akabonyeza kitufe, barua ikaenda.

Ningeweza kusema neno moja. Hata nisingehitaji neno. Ningesema namba tu, tarakimu tatu, angeelewa yote kabla sijafunga mdomo. Watu wengine hawakujaliwa njia fupi kama hiyo ya kuvunjana moyo. Nilijikaza, nikanyamaza. Nilijiambia ni sheria. Ilikuwa sheria kweli, lakini pia nilikuwa mwoga, na sikujua wakati ule kipi kilikuwa kikubwa.

Jumamosi nilingoja Verna aende kanisani kwenye bingo, mchezo wao wa kubahatisha namba, nikaenda kwao. Emil alikuwa gereji, amekaa kwenye kiti cha chini, mashine ya jirani imefumuliwa mbele yake.

"Karibu, shemeji. Mwenzako yuko bingo, anatuletea utajiri."

"Najua. Nimekuja kwako."

Aliifuta mikono kwa kitambaa, polepole, kidole kimoja kimoja.

"Basi faili lilikuja kwako."

"Siwezi kusema faili la mtu liko kwa nani."

"Haya, sawa, halikuja kwako." Akatabasamu. "Kaa basi, wewe usiyejua kitu."

Sikukaa. "Mwambie, Emil."

"Nitamwambia. Darlene akishajifungua. Nataka ashike mjukuu wake bila kulia, mara moja tu. Baada ya hapo atalia mpaka Pasaka, najua."

"Karudisha likizo."

"Kaniambia. Vizuri. Novemba tutakuwa wote."

"Na kama..."

"Daktari kasema Krismasi, labda na zaidi. Sikiliza, shemeji. Nimesikiliza injini maisha yangu yote. Gari likianza kufa unalisikia. Mimi bado sijasikia kitu." Alinitazama, na kwa mara ya kwanza hakuwa anatania. "Miaka thelathini anasoma habari za wanaokufa kwa nyongo. Anakuja nyumbani nazo, hasemi, lakini nazijua, anaosha vyombo kwa nguvu. Nimempa kiangazi kimoja asichosoma kitu. Usikichukue. Najua huruhusiwi, nakuomba hata kama ungeruhusiwa."

Nilimwahidi. Nilitoka pale nikiwa nimefungwa na watu wawili, hospitali na Emil, na nilimkasirikia Emil zaidi.

Agosti ikaenda. Verna alifanya kazi hadi jioni, akijilimbikizia siku. Alinunua viatu vya mtoto, akavipanga chini ya skrini yake, akawa ananiuliza kama Arizona kuna mbu. Mimi nilijibu. Nilijifunza kujibu bila kuinua uso. Siku moja katikati ya mwezi alisukuma kiti nyuma akapiga ulimi.

"Maskini, huyu wamemwekea chuma."

"Nani?"

"Mgonjwa tu, sijui. Ana miaka hamsini na mbili. Hawa wa chuma hawamalizi mwaka, Nadine, wengi hata nusu yake. Natumaini ana mtu anayekaa naye." Kisha akanitazama. "Una nini wewe? Umepauka."

Nilisema nimekula kitu kibaya. Nilikwenda chooni nikafungua bomba la maji mpaka mwisho, nikalia kwa sauti, na niliporudi alikuwa ameniwekea chai ya tangawizi mezani.

Emil alikosea kuhusu injini. Jumatano ya mwisho ya Septemba aliamka anatetemeka, homa imempanda, chuma kimeziba na nyongo imeoza ndani. Kufikia mchana alikuwa orofa za juu hapo kwetu, chumba cha wagonjwa mahututi, mashine inampumulia. Daktari kijana, aliyedhani anaongea na mke anayejua, alimshika Verna bega akamwambia kwamba kwa saratani iliyofika hapa, mama, hatutarajii mengi. Verna alimjibu, "Samahani, umekosea mgonjwa." Akamtajia jina kamili na tarehe ya kuzaliwa, kama tunavyofanya kuhakikisha. Daktari hakuwa amekosea.

Emil hakuamka tena. Jumamosi asubuhi alikufa, na katika siku tatu zile Verna alimwambia mambo mengi ambayo hatujui kama aliyasikia. Hawakuzungumza hata neno moja juu ya saratani ile, yeye na mtu aliyekula naye meza moja miaka thelathini na minane. Ule mwezi wa Arizona alikwenda peke yake. Mjukuu wake alimpakata huku analia.

Mtu akifa, mjane anaweza kuomba makaratasi yake. Verna hakuomba upendeleo. Alijaza fomu dirishani kama raia yeyote, akangoja wiki sita, yakaja kwa posta. Siku moja Desemba alifika kazini, akavua koti, akaja akayaweka mezani kwangu. Alikuwa ameyapitia kwa penseli.

Alifungua ukurasa wa mwisho wa ripoti ya Julai. Chini kulikuwa na namba, na chini ya namba utambulisho wa aliyeziweka. Aliufahamu, tumeketi tukitazamana miaka tisa.

"Umeweka sawa," alisema. "Nimeikagua. Mia tano thelathini na nane, na hukuandika kutoa bomba. Wengine wangeandika."

Kidole chake kikahamia kwenye tarehe iliyo kando ya utambulisho wangu.

"Tarehe kumi na tisa. Ile siku niliyoleta mkate. Uliisoma kabla au baada?"

"Baada. Mchana."

"Mimi nimehesabu. Toka siku hiyo mpaka alipoingia hospitali, mimi nilikuja hapa siku arobaini na nane. Arobaini na nane, Nadine. Kumi na tano kati yake zilikuwa likizo yangu, zimeshapitishwa, zina saini. Ningekaa naye barazani tu. Hata asingeniambia kitu. Hata nisingejua. Ningekuwa nimekaa pale."

"Verna, nilienda kwa Emil. Nilimwomba..."

"Najua ulikwenda. Jirani alikuona. Nilidhani mnanipangia sherehe ya kuzaliwa." Alitaka kucheka, ikashindikana. "Sheria naijua. Mimi ndiye niliyekufundisha. Ningekuwa wewe ningenyamaza hivyo hivyo, na hilo ndilo linaloniumiza, sina hata mtu wa kumgombeza. Ila nataka kujua kitu kimoja. Kwa nini hukuniambia tu niichukue ile likizo? Bila kusema sababu. Hakuna sheria inayokataza hilo."

Nilimtazama. Nilikuwa natamani nisijibu.

"Nilikuambia," nilisema.

Alisimama, mkono juu ya makaratasi. Nilimwona akiitafuta siku ile, akirudi nyuma taratibu, hadi akaifikia.

"Uliniambia," alisema. "Uliniambia, nikakucheka."

Alikaa sakafuni pale pale, kati ya meza zetu mbili, mwanamke wa miaka sitini ndani ya sketi yake nzuri ya kazini, akalia. Niliinuka nimwendee, akanizuia kwa kiganja. Kwa hiyo nilirudi kitini, nikabaki nimemtazama mpaka alipomaliza.

Januari aliomba afanyie kazi nyumbani, akapewa. Ripoti anazoweka namba nazikagua mimi, kila Ijumaa, na sijakuta kosa.